Kwa Editha, Kabla Hujaulaumu Mtandao Tena

Kasulu, Jumapili mchana

Editha mwanangu,

Baba yako ameshakuambia habari za sweta, za kufunga mlango kwa komeo na za kutokula chakula cha njiani kilichopoa. Amekuambia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza ulikuwa unatazama simu. Mimi sina la kuongeza hapo. Dodoma unakokwenda kazini kuna maduka, na akili unazo. Ninayokuandikia ni mengine, na ninayaandika kwa sababu kila nikijaribu kuyasema kwa mdomo unanijibu "najua, mama," mimi napandisha sauti, na baba yako anatoka nje kukagua migomba ambayo haina tatizo lolote.

Umeenda Muyama kumuaga bibi yako. Nyumba imetulia. Soma mpaka mwisho, na safari hii huwezi kunikatiza.

Nianze na Munanila, maana ndiko moto unakowaka. Uliwatengenezea wakulima wa kahawa mfumo wa kupokea mizigo yao: mkulima anafika, karani anatafuta jina lake, anaandika kilo, karatasi inatoka. Ulipotuonyesha hapa sebuleni ulienda kasi, nikajivuna mpaka nikampigia simu shangazi yako. Sasa msimu umefunguka, wakulima wamejaa, na karani analalamika kwamba akiandika jina anangoja mpaka anasahau alikuwa anamtafuta nani. Wewe umemjibu nini? Kwanza ulisema mtandao mbovu. Kisha ukasema kompyuta yao imezeeka. Juzi nimekusikia kwa masikio yangu ukimwambia, "Kaka, zima halafu uwashe tena." Editha! Yule mtu amezima na kuwasha wiki nzima. Halafu umewaandikia kwamba kazi imekamilika, na kesho unapanda basi.

Nilikuambia uje Jumamosi kwenye kikundi chetu cha watu wa kompyuta, tuumulike mfumo wako ukutani, watu wautazame. Ukanijibu, "Mama, pale ni pa watu wanaojifunza. Nipeleke kazi yangu ikiwa imeharibika ili iweje?"

Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Nilinyamaza kwa sababu sentensi hiyo ni yangu. Niliisema mimi, Kibondo, ulipokuwa darasa la sita, karibu neno kwa neno.

Unakumbuka nilikuwa kwenye kile kituo cha afya nje kidogo ya mji. Unachokumbuka wewe ni ile nyumba yenye bomba uani. Hukujua kazi yangu ilikuwaje, na sikukuambia, kwa sababu ilikuwa inanishinda. Nilianza pale kama karani wa mafaili. Nikajifunza kompyuta peke yangu, kwa vitabu vya kuazima na kwa video nilizosubiri zifunguke nusu saa. Mwishowe nikawatengenezea mfumo wa kuandikisha wagonjwa. Mimi, binti wa watu waliovuka mpaka na godoro moja kutoka Burundi, nikawa na chumba chenye jina langu mlangoni. Basi ufahari ukanikaa kichwani. Kila aliyenisifu nilimkumbusha kwamba sikufundishwa na mtu.

Ndani ya mfumo ule kulikuwa na kitu nilichokipenda kuliko vyote. Unajua majina ya huku. Karani mmoja anaandika Niyonzima, mwingine Nionzima. Huyu anaandika Rusia, yule Lusia, kwa sababu sisi wenyewe r na l tunazibadilisha tunavyotaka. Nikaandika utafutaji unaokubali kipande chochote cha jina, cha mwanzo, cha katikati au cha mwisho. Andika "nzima" tu, wanakuja wote. Manesi walipiga makofi. Niliujaribu kwa majina hamsini, ukajibu kabla sijaondoa kidole.

Majina hamsini, Editha. Uliujaribu wako kwa wakulima wangapi?

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Tukaingiza mafaili ya zamani yote, ya miaka na miaka. Wagonjwa wakaongezeka. Ukaanza kuchelewa kidogo kidogo, kama mtu anayezeeka, hakuna siku unayoweza kusema ni leo. Mpaka ikafika jina moja linachukua muda wa kutosha karani kwenda kunawa mikono na kurudi. Nikasema seva ni ndogo. Mganga mfawidhi, yule daktari mkuu wa kituo, akahangaika tukaletewa nyingine. Tukapata nafuu kwa muda, kisha hali ikawa ileile. Nikasema umeme wa sola hautulii. Nikasema manesi wanafungua kurasa nyingi. Nikamfokea nesi mmoja mbele ya wagonjwa, mwanamke aliyenizidi umri, kwa kosa lililokuwa langu.

Wakati huohuo Mwalimu Gwimo, aliyekuwa akifundisha hesabu sekondari, alikuwa amefungua kikundi cha Jumamosi. Walikuwa watu wanane, labda tisa: wanafunzi wawili waliomaliza chuo, fundi simu, karani wa halmashauri, na Furaha. Walikuwa wanakaa darasani, mmoja anaweka tatizo lake ukutani na wenzake wanalichambua. Mwalimu alinialika mara tatu. Mara ya tatu nikamjibu, "Mwalimu, pale ni pa wanafunzi. Mimi nina mfumo unaofanya kazi." Akaniangalia. Mkewe alikuwa amekaa kwenye foleni ya mfumo huo tangu asubuhi.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu wa nyumba hii isipokuwa baba yako.

Siku moja ya kliniki ya watoto mfumo ulikwama vibaya. Foleni ikatoka hadi kwenye mti wa mwisho wa uzio. Mwanamke mmoja wa Murungu alikuwa ndani ya foleni hiyo na mtoto wake wa miaka minne, mwenye homa ya kawaida tu, anacheka, anakula muwa. Hakuna aliyemwona kuwa wa dharura. Saa nane mchana jina lake halijaitwa, wingu limefunga, akambeba mtoto akarudi kwao. Kesho yake waliletwa kwa pikipiki, mtoto anatikisika mwili mzima. Ilikuwa malaria, imepanda kichwani.

Nilimkuta wodini siku ya tatu, nimepeleka fomu. Mtoto alikuwa amefungua macho. Mama yake akanisimulia bila hasira yoyote, kwa Kiha, kama mtu anayeeleza habari za barabara: "Juzi nilifika mapema na mwana wanje, mwanangu huyu, ila kompyuta yao ilikuwa inaumwa." Alisema kompyuta inaumwa. Nikamwambia pole. Nikaiweka fomu juu ya meza nikatoka, sikumwambia kompyuta ile ni ya nani.

Mtoto alipona, lakini sikio moja halikurudi, na la pili linasikia kwa shida. Daktari hakusema ni kwa sababu ya ile siku moja. Hakuna aliyesema. Ninayesema ni mimi, na nimelisema moyoni kila ninapoona mtu anangoja mbele ya kioo. Kwa hiyo unapomwambia karani wa Munanila azime na kuwasha, usinishangae nikipiga meza. Najua kahawa haifi kwa homa. Lakini mzee aliyebeba gunia kutoka mlimani anangoja na mgongo wake.

Jumamosi ile nilikwenda kwa Mwalimu Gwimo. Usidhani nilikwenda kwa unyenyekevu, nilikwenda kwa sababu sikuwa na mlango mwingine. Nikaweka mfumo wangu ukutani, nikaanza kueleza habari za seva. Nilieleza sana. Fundi simu alikuwa anasinzia. Ndipo Furaha akanyoosha mkono.

Furaha alikuwa Mkongo aliyeolewa pale mjini, akifanya kazi kwenye duka la stationari, kutoa kopi na kuchapa barua za watu. Alijifunzia programu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Akaniuliza, "Bon, mama. Kanzidata yenyewe uliiuliza iko nafanya nini?"

Sikumwelewa. Akaja mbele, akachukua lile swali langu la utafutaji nililolipenda, akaliwekea neno moja mbele yake, neno linaloiambia kanzidata, ghala lenyewe la taarifa, isilete majibu tu bali ieleze njia iliyopita kuyapata. Neno hilo lipo tangu zamani. Nilikuwa nimelipita kwenye vitabu kama mtu anavyopita kibao cha barabarani anapodhani anajua njia. Maelezo yakatoka, mistari michache. Furaha akaisoma, akacheka kidogo, si kwa kunidharau.

"Iko nasoma watu wote, mama. Mmoja mmoja, tangu wa kwanza. Kila mara karani anatafuta mtu mmoja, yeye anasoma wote. Hata wale walishakufaka."

Nilisikia uso unawaka moto.

Unajua sababu, umeisomea, lakini nitaisema kwa sababu naijua hiyo "najua" yako. Kanzidata inaweza kutengenezewa indeksi, kama faharasa ya mwisho wa kitabu, ili ikitafuta jina iende moja kwa moja kwenye ukurasa wake. Lakini faharasa imepangwa kwa herufi za mwanzo. Ukimwambia mtu "nitafutie neno lenye nzima popote ndani yake," faharasa haimsaidii kitu, inabidi asome kitabu chote. Kile nilichokuwa najivunia ndicho kilichokuwa kinatuua. Seva, sola na manesi havikuhusika.

Tulikaa pale mpaka mchana. Furaha akashauri karani aanze na namba ya kadi ya kliniki, yenye indeksi yake. Karani wa halmashauri akashauri kila jina tuliandike mara ya pili kwenye safu ya pembeni, r na l zikiwa herufi moja na y zimeondolewa, tutafute hapo kwa herufi za mwanzo. Mwalimu akanifundisha kupima kwanza, kubadilisha kitu kimoja, kupima tena. Jumatatu jina lilifunguka kabla karani hajakaa sawa. Nesi niliyemfokea alipiga kigelegele.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekuandikia barua nzuri. Siishii hapo.

Mganga mfawidhi aliniita akauliza nani ametengeneza. Nikasema, "Nimepambana nayo, daktari." Akaniomba ripoti. Nikaandika kurasa sita: niligundua, nilibuni, nilitekeleza. Kikundi hakimo. Furaha hayumo. Baada ya wiki chache daktari akaniuliza kama kuna mtu hapa Kibondo anayeweza kuajiriwa kunisaidia. Editha, swali hilo lilikuja mezani kwangu lenyewe, bila mtu kuliomba. Nikajibu, "Sidhani kama kuna mtu hapa, daktari." Akaletwa kijana kutoka mkoa mwingine.

Kwa nini nilisema vile? Nimejiuliza miaka hii yote na jibu halipendezi. Nilikuwa nimezoea kuwa mtu pekee. Nikaona Furaha akiingia kwenye kile chumba watu watajua ndani ya mwezi mmoja nani anajua zaidi. Basi.

Na Jumamosi nikaacha kwenda. Nilikuwa nimeshapata nilichofuata.

Siku moja nikapeleka karatasi zangu za likizo kutolewa kopi. Furaha alikuwa kwenye mashine. Akanisalimia vizuri, akatoa kopi, akazipanga. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Ile ripoti yenu ya kituo ililetwa hapa kubandikwa jalada. Niliipiga spiral mwenyewe. Imeandikwa muzuri sana, mama."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamshukuru, nikatoka, nikasahau hata chenji. Na bado sikusema kitu! Nakuambia haya ili ujue kwamba mtu anaweza kuwa na aibu hadi kooni na bado asibadilike.

Kilichonibadilisha ni kosa lingine. Nilikuwa nimeshaona maajabu ya indeksi, basi nikaziweka kila mahali: kila jedwali, kila safu, hata safu ambazo hakuna binadamu aliyewahi kuzitafutia kitu. Nilidhani kama moja ni dawa, arobaini ni afya. Sikupima kitu. Utafutaji ukabaki mzuri, lakini kuhifadhi kukaanza kukwama, kwa sababu kila dawa iliyoandikwa sasa ilibidi iandikwe pia kwenye faharasa zote zile. Manesi wanaandika dawa, skrini inaganda, wanaandika tena, mgonjwa anaonekana amepewa mara mbili. Nililaumu nini? Umeme wa sola. Siku nne nimelaumu sola, mpaka siku ya tano nikamwona mwanamke ameegemea ukuta na mtoto mgongoni, anatazama mawingu. Hakuwa yule wa Murungu, alikuwa mwingine kabisa. Lakini siku hiyo sikutaja tena sola.

Jumamosi nikarudi darasani. Walikuwapo wote. Sikufungua kompyuta. Nikasimama nikawaambia habari ya ripoti, na habari ya nafasi ya kazi niliyosema haina mtu, nikataja jina la Furaha, naye amekaa pale dawati la pili. Nikawaambia na habari ya mtoto wa Murungu. Fundi simu aliinamisha kichwa. Mwalimu Gwimo akasema tu, "Haya, mama Editha. Sasa tuonyeshe kilichoharibika." Wakaniambia niondoe indeksi zote, nizirudishe moja moja, kila moja nipime na niseme inamsaidia nani. Tulibaki na saba.

Jumatatu nilimwandikia mganga mfawidhi ukweli wote. Alisoma, akanitazama kama mtu aliyeona mende kwenye chai, akasema nafasi imeshajazwa. Ripoti ya kwanza ilikuwa imeshakwenda juu na haikurudi. Usifikiri ukisema ukweli kila kitu kinanyooka. Furaha aliendelea kutoa kopi mwaka mzima. Baadaye alipata kazi Kigoma mjini, kupitia yule karani wa halmashauri. Sikumsaidia mimi, na nisijipendekeze kwenye hilo.

Kwa hiyo Dodoma. Utakuwa kwenye timu ya watu wengi, wengine wanajua kuliko wewe na wengine hawajui kitu wanaongea sana. Hutawatofautisha kwa mavazi wala kwa vyeti. Kazi yako itaharibika, usijidanganye. Siku ikiharibika, onyesha ikiwa bado imeharibika, kabla hujaipaka rangi. Na mtu akikusaidia, jina lake liandikwe siku hiyohiyo, maana kesho yake utaanza kukumbuka kwamba lilikuwa wazo lako. Mimi nilikumbuka hivyo kabisa. Niliamini.

Na kabla ya Dodoma, Munanila. Mpigie yule karani. Mwambie si mtandao na si kompyuta yake. Mwambie kazi haijaisha. Utafutaji wako nimeuona, nisamehe, nilifungua kompyuta yako ulipokuwa unafua: unatafuta kipande cha jina popote kilipo, kama mama yako. Sikuurekebisha. Ningeweza, nikakaa na mikono mapajani kama mjinga. Ukifika, tafuta watu wa kuonyesha, hata kama ni wawili kwenye kiti cha kantini.

Kuna neno moja bado. Siku ile niliyokiri darasani, baada ya watu kutoka, nilimfuata Furaha nikamwomba radhi kwa ajili ya ile kazi. Alikuwa anafunga kompyuta yake kwenye kitenge. Akasema, "Mama, ile kazi iliniuma, ndiyo. Lakini kazi zinakuja na zinaenda. Chenye kiliniuma sana ni kwamba ulipata jibu na ukaacha kukuja. Mimi nilikuwa naweka kiti chako kila Jumamosi."

Tangu siku hiyo Jumamosi sikosi.

Nimekukasirikia, Editha, na kesho asubuhi nikikupungia mkono stendi nitakuwa bado nimekukasirikia. Hilo lisikusumbue njiani. Ukifika, piga simu kwanza Munanila, ndipo unipigie mimi.

Mama yako